Pointi Tatu za Nyumbani

Katika mji wa Marlow Creek, jimbo la Ohio, watu waliiogopa Alhamisi ya Mwalimu Orville Hostetler kuliko walivyoogopa koleo la daktari wa meno. Alhamisi ndiyo siku gazeti la mji linapotoka, na ukurasa wa nane, chini ya matangazo ya matrekta yaliyotumika, ndipo Mwalimu alipotabiri mechi za Ijumaa za shule za sekondari: nani atashinda, nani atapigwa, na kwa pointi ngapi. Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Katika kila mechi kumi alipatia nane, na wiki nzuri tisa. Hakuwa mganga wala hakuota ndoto. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, basi, na hasira zake zilikuwa za mwalimu wa hesabu ambaye hajastaafu.

Ukimwambia, "Mwalimu, moyo wangu unaniambia safari hii tunashinda," anakutazama juu ya miwani na kukujibu, "Moyo wako si ndio uliokuambia ununue lile lori?" Na mji mzima ulilijua lile lori.

Kazi yake aliifanya Jumanne, mezani jikoni, kwa penseli na karatasi nne. Aliandika pointi ambazo kila timu imefunga na ilizofungwa, akapima wapinzani waliokutana nao walikuwa wagumu kiasi gani, akauliza nani anachechemea na kama mvua inakuja. Mwisho kabisa aliiongezea timu iliyo nyumbani pointi tatu. Hilo watabiri wote wa mpira wa Kimarekani hulifanya, maana mashabiki wakipiga kelele mgeni hasikii anachoambiwa na mwenzake, akachanganyikiwa. Tatu za nyumbani. Mwalimu aliziongeza bila kufikiri, kama anavyonyunyizia mayai chumvi.

Sasa shida ilikuwa hii. Kocha wa Marlow Creek alikuwa Denny, mtoto wake wa pekee.

Msimu huo Denny alikuwa amecheza mechi tisa na kupoteza sita. Zote sita baba yake alizitabiri, tena gazetini, tena kwa jina. Na huko kuna mtindo: kocha akidharauliwa gazetini, hukikata kile kipande akakibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, ili vijana wakisome wakipita, damu iwachemke. Mlango wa Denny ulikuwa umejaa maneno ya baba yake toka juu hadi chini. Jumapili wawili hao walikula pamoja kuku na viazi vya kupondwa, pamoja na Carla, mke wa Denny, na mabinti wao wawili, na hakuna aliyeutaja huo mlango.

Bodi ya shule ilikuwa imeshasema, wala haikusema kwa kunong'ona: awashinde Pruett Ijumaa, au alete funguo na filimbi. Pruett ni mji wa pili barabarani, na huwachukia watu wa Marlow Creek tangu enzi za mababu kwa sababu ambazo hakuna anayezikumbuka. Denny angebaki na kazi yake ya kufundisha useremala pale shuleni, lakini alikuwa amemwambia baba yake, "Siwezi kusimama pale nikipiga randa, huku mtu mwingine anapuliza filimbi yangu dirishani." Shemeji yake huko Idaho alikuwa na ghala la chakula cha mifugo na nafasi ya msimamizi. Idaho ni safari ya siku tatu kwa gari. Mwalimu alikuwa amemzika mkewe miaka minne iliyopita, na mbali na Denny na wale wasichana hakuwa na mtu. Hilo hakumwambia yeyote. Angeanzaje kulisema?

Jumanne hiyo alikaa na karatasi zake tangu saa mbili asubuhi. Alipofika mwisho akaondoa mkono mezani. Marlow Creek 23, Pruett 21.

Akahesabu tena, na jibu likawa lile lile. Jamani, yule mzee alicheka peke yake jikoni mpaka paka akatoka nje. Msimu mzima alikuwa akimwandikia mwanawe kifo cha kila wiki, na leo hesabu zenyewe, zisizojua upendeleo, zilikuwa zimemwambia mwanao anashinda, mwanao habebi mizigo kwenda popote. Akaandika safu yake kwa mwandiko safi kuliko kawaida.

Jumatano asubuhi Denny alikuja kumsafishia mfereji wa paa uliozibwa na majani. Alipanda ngazi, baba yake akaishika chini.

"Baba, umeshapeleka safu yako gazetini?" Denny aliuliza, akirusha majani chini.

"Trudy anapita saa sita kuichukua." Trudy ndiye mhariri, na aliwahi kuwa mwanafunzi wake kama nusu ya mji.

"Nataka unifanyie kitu. Andika tunapigwa thelathini. Andika wale vijana wangu wamelegea kama uji. Nina nafasi moja imebaki pale mlangoni."

"Siandiki hivyo."

"Kwa nini? Si ndivyo unavyofikiri?"

"Nimeandika unashinda. Kwa mbili."

Majani yaliacha kuanguka. Mzee akaikaza ngazi zaidi.

"Unanionea huruma," Denny alisema.

"Huruma siichapishi gazetini."

"Baba, tafadhali. Mji mzima unanionea huruma. Muuza mafuta ananionea huruma, ananifutia kioo bila kuombwa. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaniambia ukweli, kila wiki, hata ulipokuwa mbaya. Usianze na wewe."

"Shuka nikuonyeshe hesabu!"

"Sitaki kuonyeshwa hesabu."

Alimaliza upande ule, akakunja ngazi, akaondoka bila kunywa kahawa. Mwalimu alibaki uani, hasira zimempanda na hana wa kumfokea. Mara ya kwanza anampa mtoto habari njema, mtoto anaitema kama dawa chungu! Trudy alipofika saa sita akasoma, akainua nyusi. "Una uhakika, Mwalimu?" Akamjibu, "Ulipata ngapi kwenye mtihani wangu wa mwisho, Trudy?" Trudy akaichukua karatasi.

Alhamisi asubuhi Mwalimu alikwenda mgahawani kwa Lorna kula mayai yake, kifua mbele. Gus Weller, mkulima wa soya, alikuwa kwenye kaunta na gazeti limefunguliwa ukurasa wa nane.

"Huyo, huyo anaingia!" Gus alisema. "Mzee amezeeka kweli. Damu imekuwa nzito."

"Kula, Gus. Ukiongea unapoteza joto la chakula."

"Nakula. Lakini hebu nieleze hii, maana mimi sikusoma sana. Umeandika hapa, 'tukiongeza tatu za nyumbani'. Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Kwani..."

Lorna alikuwa amesimama na birika la kahawa.

"Mwalimu," Lorna alisema taratibu, "mechi ni Pruett. Nimeshaweka mafuta kwenye gari."

Mechi ilikuwa Pruett. Ratiba ilikuwa kwenye mlango wa friji yake tangu Agosti. Yeye mwenyewe, juu ya karatasi ya kwanza, alikuwa ameandika kwa mkono wake: kwao. Aliacha mayai yake, akarudi nyumbani, akazitandaza zile karatasi na kuzipitia mstari kwa mstari. Kabla ya tatu za nyumbani, Pruett walikuwa mbele kwa pointi moja. Angewapa Pruett haki yao, wangekuwa mbele kwa nne. Badala yake penseli yake ilikuwa imewapa Marlow Creek, bila yeye kujua. Miaka kumi na tisa, mechi zaidi ya elfu moja, hajawahi kukosea uwanja. Watoto wa darasa la saba hawakosei uwanja.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alishika simu ampigie Trudy, akaiweka. Alishika ampigie Denny, akaiweka. Siku ikapita hivyo, anazunguka kutoka jikoni hadi barazani, na kila akikaa anasikia Idaho, Idaho, kama redio ya jirani.

Ijumaa saa kumi jioni basi la timu lilikuwa limeegeshwa mbele ya shule, vijana wanapakia kofia ngumu za mchezo na mabegi. Mwalimu aliegesha gari ovyo, akamfuata Denny mlangoni mwa basi.

"Nimekosea," alisema hata kabla ya salamu. "Zile hesabu. Nilikupa tatu za nyumbani, na nyumbani ni kwao. Jibu la kweli ni kwamba mnapoteza kwa nne. Sikutaka uende huko umebeba uongo wangu."

Denny alimtazama, kisha akatabasamu, na Mwalimu hakukumbuka lini alikuwa ameliona lile tabasamu mara ya mwisho.

"Nilijua jana asubuhi, Baba. Unasahau ni nani aliyenifundisha hesabu."

"Ulijua na hukunipigia?"

"Kile kipande nilikipeleka mlangoni. Kipo pale katikati, nimebandua vingine vyote."

"Umebandika makosa?"

"Unakumbuka nilipokuwa darasani kwako? Nilifeli kwa nusu maksi. Mama alikusihi siku mbili uniongezee, ukakataa. Nikarudia darasa mwezi mzima wa Julai, wakati wa likizo, wenzangu wanaogelea." Alipandisha begi begani. "Nusu maksi ulininyima, leo unanipa pointi tatu zisizo zangu, mbele ya mji mzima. Jana niliposoma ilibidi nikae kwanza ndani ya gari."

Dereva akawasha basi, vijana wakapiga mayowe wakimwita kocha, na Denny akapanda.

Mwalimu akawafuata kwa gari lake hadi Pruett. Kwa kawaida alikaa kiti cha juu kabisa na daftari, hapigi makofi, hapigi kelele, watu walimzoea hivyo. Siku hiyo daftari alilisahau nyumbani, au alisema alilisahau. Alikaa chini kabisa karibu na uzio, kati ya Carla na wasichana, na baridi ya Novemba ikipenya sweta.

Vijana wa Denny walicheza kama watu waliokopeshwa miguu mipya. Mpaka mapumziko walikuwa mbele kwa tatu. Pruett wakasawazisha, wakapita. Zikiwa zimebaki sekunde arobaini, Pruett 24, Marlow Creek 20, na mpira ulikuwa mikononi mwa Marlow Creek, yadi tisa kutoka mstari wa mwisho, na majaribio manne. Wakiuvusha mpira mstari ule, wameshinda. Mashabiki wa Pruett walipiga kengele za ng'ombe hata mtu hasikii mawazo yake. Hizo ndizo pointi tatu, Mwalimu aliwaza. Ndizo hizo, zinasikika.

Jaribio la kwanza, yadi mbili. La pili, hakuna kitu. La tatu, yadi nne. Na Mwalimu Orville Hostetler, mtu aliyemwambia kila mtu kwamba kelele za shabiki mgeni hazibadilishi kitu, alikuwa amesimama juu ya benchi, ameshika uzio, anapiga ukelele sauti ikimkatika. "Denny! Nenda kushoto! Kushoto, mwanangu!" Mjukuu mkubwa alimvuta sweta kwa woga. Jaribio la nne kijana alikimbilia kushoto. Wakamwangusha, imebaki chini ya yadi moja kufika mstarini.

Nne. Walipoteza kwa nne.

Watu wa Pruett wakamwagika uwanjani. Denny aliwapa mikono waliomshinda, akamshika kila kijana wake kichwani mmoja mmoja, kisha akaja taratibu mpaka kwenye uzio. Carla akawachukua wasichana, akasogea nao pembeni kidogo. Filimbi Denny alikuwa ameshaivua shingoni, ameizungushia kamba vidoleni.

"Nne," alisema.

"Nne."

"Hesabu zenyewe hazikukosea, basi. Ungewapa Pruett zile tatu ungekuwa umepatia hadi pointi ya mwisho."

"Achana nazo."

"Bodi inakaa Jumatatu. Hata sijui kwa nini wanajisumbua kukaa." Denny alicheka bila furaha, akaangalia ubao wa matokeo juu ya kichwa cha baba yake. "Haya, Mwalimu. Mtabiri mkuu. Kuhusu Idaho unatabiri nini? Naenda au siendi?"

Mwalimu angeweza kuipiga ile hesabu. Alikuwa na kila tarakimu: mshahara, shemeji, maneno ya mji, uchungu wa kuangalia dirisha la useremala kila mchana. Jibu lake alilijua tayari: anakwenda. Alipitisha mikono miwili juu ya uzio, mikono mikavu ya mzee, akamshika mwanawe koti kifuani.

"Sitabiri," alisema, na sauti ilikuwa imeshakwisha kwa kupiga kelele. "Nakuomba, Denny. Usiende. Nakuomba."

Kule nyuma basi lilipiga honi mara mbili, na Denny hakugeuka.