Mshono wa Noti ya Pauni Sita

Bei ndiyo iliyomtia Bernice Applegate wasiwasi. Wendell Prouse alikuwa amempigia simu kumwambia anamuuzia noti ya New Jersey ya mwaka 1776, ile ya pauni sita, kwa dola mia nne. Mia nne! Mnadani noti kama hiyo huipati chini ya elfu moja na mia mbili, tena iliyochakaa. Bernice alikuwa nazo zote za toleo lile, kuanzia ya shilingi moja, maana enzi hizo watu wa New Jersey bado walihesabu shilingi na pauni. Ilibaki hiyo moja tu, na alikuwa ameitafuta miaka kumi na tisa.

Mwingine angemshukuru Mungu akanyamaza. Bernice machale yalimcheza. Miaka mitatu nyuma, kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa noti za kale, tapeli mmoja mwenye maneno matamu alimuuzia noti iliyoungwa kwa nusu mbili za noti tofauti, na chama chao kizima cha wakusanyaji kikamcheka wiki nzima. Wendell alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, hilo halina ubishi. Lakini tangu mkewe Lorene afariki alikuwa akiuza vitu vyake kimoja kimoja, na Bernice alijiambia kwamba shida haichagui wa kumwonea haya. Jumamosi asubuhi akatia lenzi na taa kwenye mkoba, akaendesha gari hadi Burlington kwa Wendell.

"Mbona umenuna hivyo? Umegombana na nani?" Wendell alimuuliza mlangoni.

"Sijanuna. Iko wapi?"

"Hata salamu hamna! Kaa, kunywa kahawa kwanza, we mwanamke. Kuna jambo nataka nikueleze kabla hujaiona."

"Utanieleza huku naitazama."

Kahawa kwanza, maneno baadaye. Yule tapeli naye alianza hivyo hivyo.

Wendell aliguna, akamwekea noti mezani. Bernice akainama nayo. Jani lililochapwa nyuma lilikuwepo, onyo kwamba anayeghushi atanyongwa lilikuwepo, na sahihi tatu za mkono zilikuwa zimefifia kama inavyotakiwa. Kila kitu sawa, na kila kilichokuwa sawa kilimzidishia shaka. Halafu akaona mshono unaokata katikati. Mshono peke yake si hoja. Noti hizo zilikunjwa mno hadi zikakatika, wenyewe wakazishona kwa sindano na uzi, wakaendelea kununulia unga. Mkusanyaji akiona mshono wa zamani hufurahi.

Akavuta pazia, akawasha taa yake ya zambarau, ambayo hung'arisha karatasi na nyuzi za kisasa. Karatasi ikabaki na giza lake, kama karatasi ya zamani inavyopaswa. Uzi ukawaka mweupe pe. Ulikuwa uzi wa dukani, wa juzi juzi.

"Wendell," alisema, "mshono huu ni wa lini?"

"Si ndiyo jambo lenyewe hilo. Ngoja nikakuletee kitu chumbani. Usiniondokee."

Anakwenda kutunga uongo, Bernice aliwaza. Ilimuuma, tena sana, kwamba na Wendell naye amemwona mjinga. Basi leo angemshika na ushahidi mkononi. Kama nusu zile hazikutoka kwenye noti moja, kingo zisingeoana, lakini uzi ulikuwa umezifunika. Alitoa mkasi wa kucha, akakata mishono yote saba, akauvuta uzi, akazisogeza nusu mbili chini ya lenzi.

Zilioana. Mkia wa sahihi ya pili ulianzia nusu ya kushoto ukamalizikia kulia bila kuyumba. Noti ilikuwa halali, na Bernice alifurahi kwa nusu dakika hivi. Kisha akaanza kujiuliza uzi mpya ulikuwa wa nini.

Sauti ya Wendell ilimtangulia ukumbini. "Uzi wa kwanza ulioza, noti ikawa inaachana. Lorene ndiye aliyeishona upya, mwezi ule wa mwisho, kitandani. Alipitisha sindano kwenye matundu yale yale, hakutoboa hata moja jipya. Siku mbili, na mikono inavyomtetemeka! Nikamwambia, mama, unaishusha bei. Akaniambia, 'Mpe Bernice. Yeye hataki bei, anataka noti.'"

Akaingia ameshika bahasha ndogo ya uzi wa kale. Mwandiko wa juu yake Bernice aliutambua. Ndio aliokuwa akiuona kila Krismasi kwenye kadi za Lorene. Wendell akatazama meza, akatazama mkasi.

"Umeukata," alisema.

"Wendell, nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

"Nitaishona mimi. Leo hii hii, nipe uzi."

"Uzi ninao. Aliyeshona ndiye sinaye."

Hakupaza sauti, na Bernice alitamani angemfokea. Wendell aliketi, akaanza kuokota vipande vya uzi mweupe, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole alichokilowesha ulimini, akivitia ndani ya bahasha. Nusu mbili za noti hakuzigusa hadi alipomaliza. Kisha akazisukuma kwa nyuma ya mkono mpaka zikafika mbele ya Bernice.

"Chukua, sitaki hela yako," alisema. "Hiyo sasa ni noti tu."