Karatasi ya Maharage

Saluni yangu hapa Kumasi haijawahi kuwa na kiti kitupu, na hakuna neno lililoingia humo likatoka bila kupita sikioni mwangu. Ndiyo maana Rahinatu, dada wa utafiti wa wanawake wanaopigwa nyumbani, aliponiomba chumba cha nyuma kisha akasema hata mimi nisisikilize, nilinuna.

"Hata mimi mwenye saluni?"

"Hata wewe, mama. Nitakayemhoji akitaka kukueleza, ni hiari yake. Kwangu halitoki."

Aliyehojiwa ni Boadiwaa, jirani yetu, nikiwa nimeshamsuka nusu kichwa. Kwamba mumewe, Takyi, humpiga, mtaa mzima ulijua. Mwenyewe hajawahi kutamka. Miaka sita kitana changu kinapita juu ya kovu la kisogoni, naye kimya. Rahinatu alinionya: Takyi akijua mkewe ameulizwa nini, atakayeumia ni Boadiwaa.

Basi nikakaa kwenye mlango wa chumba hicho, wenye pazia tu. Haikupita nusu saa, Takyi huyo.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Karibu ukae, shemeji. Umeyasikia ya fundi cherehani na binti wa mchungaji?"

Kwa habari ile hata askari wa doria angevuta kiti. Takyi akanipita, akalivuta pazia kando. 

"Maharage mnakula mara ngapi kwa wiki?" Rahinatu alikuwa akiuliza, sauti kavu kama karani wa sensa.

"Mara mbili," Boadiwaa akajibu, hata hakugeuka. "Mume wangu anayapenda. Mimi ndiye ninayejaa gesi, maskini anavumilia."

Saluni nzima ikacheka, Takyi naye akacheka. Lakini akaichukua karatasi mezani, akaisoma juu mpaka chini. Maharage, ndizi, samaki, mafuta ya mawese. Akairudisha.

"Twende nyumbani."

"Na kichwa nusu, shemeji?" nikasema. "Mke wa mtu kama wewe?"

Akatazama zile nywele zilizosimama upande mmoja, akavuta suruali juu, akaondoka zake.

Rahinatu akafuta jasho.  "Dada, tunaweza kuishia hapa. Nitaichana karatasi, hakuna atakayekulaumu."

 Boadiwaa akainua paja kidogo, akaitoa karatasi nyingine, ile yenyewe ya maswali ya kipigo. Alikuwa ameikalia muda wote mumewe akiwa amesimama juu yake, huku yeye akitutania habari za gesi. Akaikunjua taratibu juu ya goti, akamkabidhi Rahinatu.

"Tulifika swali la tisa," akasema.

Nimewasuka wake wa wakubwa, nimesuka maharusi wasio na idadi. Sijawahi kukitazama kichwa cha mtu nikajiona mdogo namna ile. Nikaliteremsha pazia mwenyewe, nikaongeza redio, nikakaa nimeligeuzia mgongo.

"Haya, sema," wateja wakaninong'oneza. "Amesema nini?"

"Maharage," nikawajibu. "Mara mbili kwa wiki."

Mpaka leo wakiniuliza, jibu ni hilo hilo.