Samaki Asiyehama

Ofisini walimwita Mama Kina, kwa kuwa hata akipewa kikombe cha chai alichungulia kwanza ndani kuona kinaishia wapi. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za sakafu ya bahari: milima isiyowahi kuona jua, makorongo, tambarare za tope. Kuogelea hakujua, na wala hakuona haya kusema.

Meli za kupima hupiga mlio majini. Mlio ukigonga chini hurudi, na muda uliochukua ndio unaoonyesha kina. Taabu ni kwamba kundi kubwa la samaki nalo hurudisha mlio. Ndiyo maana pale ofisini nukta ikichomoza peke yake juu ya tambarare, waliiita samaki na kuifuta. Kufukuza samaki, ndivyo walivyosema, na Mama Kina alisifika kwa kuwafukuza.

Asubuhi hiyo vilimfikia vipimo vya meli nyingine, iliyokatiza mahali alipokwisha kupachora. Akavilaza juu ya vile vya zamani. Nukta ilikuwa imechomoza. Akainua mkono aifute, mkono ukagoma. Hapo hapo, mwaka juzi, alifukuza samaki. Sasa ni samaki gani huyu wa kukaa mahali pamoja tangu mwaka juzi, kama mpangaji?

Ulikuwa mlima. Ulipanda kutoka vilindini hadi karibu na uso wa maji. Meli ndogo ya kupima iliweza kupita juu yake bila kugusa, lakini si meli nzito ya mizigo. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mshika usukani wa meli ya mizigo iliyokuwa ikipita huko huko. Juzi tu Mama Kina alimtania kwenye simu, "Wewe lala tu, huko chini tambarare kama meza."

Akaingia kwa mkuu wa ofisi bila kubisha hodi, akamweleza.

"Haraka haraka haina baraka," mkuu akasema. "Tusubiri wapime mara ya tatu. Tukitangaza leo kwamba tumekosea, kesho nani ataamini ramani zetu?"

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hakungoja jibu. Alichukua simu iliyokuwa mezani kwa mkuu, akaipigia meli. Ililia, ikalia, mwishowe ikapokelewa.

"Dada! Kuna nini tena?"

"Geuzeni meli! Mbele yenu kuna mlima!"

Alimsikia akisema na nahodha, kisha kicheko kizito cha mtu mzima. Mdogo wake akarudi. "Nahodha anauliza, dada yako kwenye ramani amechora tambarare, kwenye simu anasema mlima. Tumwamini yupi?"

"Mwambie amwamini huyu anayelia."

Kicheko kikakatika. Amri ikatolewa, na mdogo wake, mikono kwenye usukani, akaanza kusoma kina kwa sauti kutoka kwenye kipimo cha meli. "Mita mia tisa. Mia sita." Mama Kina alishika ukingo wa meza. "Mia mbili. Dada, mbona sakafu inapanda hivi? Themanini. Arobaini."

Akilini alimwona mama yao waziwazi, akimwuliza mwanangu yuko wapi.

"Hamsini," sauti ikasema. "Mia. Mia tatu." Kisha mdogo wake akacheka kicheko kilichotetemeka. "Tumeukwepa, dada. Maji yanachemka juu ya kilele chake, kushoto kwetu."

Mkuu alikuwa ameketi, kola imelowa jasho. "Pole sana," alisema kwa upole. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Mama Kina alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaenda kwenye kabati la ramani zote alizowahi kuchora, akalifungua.

"Bado, mzee. Kuna samaki wengine niliowafukuza."