Nukta Nyekundu Nyuma ya Zizi

Winnie alimweleza mama yake utafiti wake kwa mfano wa nyavu, na Justa akaelewa, maana ameshona nyavu pale Kamanga miaka ishirini.

"Kila kijiji cha kale ni fundo, mama. Vyungu vikifanana, tunafunga uzi kati ya kijiji na kijiji. Nyuzi zikikutana pasipo na fundo, huenda pana kijiji hakijaonekana."

Na nyuzi za kompyuta ya chuo zilikutana nyuma ya zizi lao.

Kosa la Winnie lilikuwa moja tu: alimwonyesha mjomba wake Shimba ile nukta nyekundu kwenye simu.

"Njia zote zinakuja hapa? Basi hapa ndipo Mjerumani alipofukia dhahabu akikimbia vita."

"Mjomba, hawa ni watu wa miaka elfu mbili! Mjerumani alikuwa wapi?"

"Wewe umesoma. Mimi nina akili."

Winnie aliporudi chuoni Mwanza, Shimba aliita wenzake watatu na mganga. Siku nne, shimo likazidi kimo cha watu wawili. Kila chungu walichokikuta walikipasua kwa sururu, watazame ndani. Dhahabu hakuna. Wakaondoka, shimo wazi, mvua ikanyesha.

Jumamosi Winnie alivuka ziwa na kivuko cha asubuhi. Justa alipotoka kufungulia ng'ombe, alimkuta mwanawe chini kabisa, anakwangua ukuta kwa kijiko.

"Toka humo!"

"Dakika tano, mama. Kuna tabaka la udongo wa kale hawakuligusa. Bila hili sina ushahidi wa kijiji."

"Ushahidi huo nitakuzika nao? Ukuta unachuruzika maji, toka!"

Shimba naye akatokea, anatafuna muwa. "Dada, mwache. Labda ataona tulichokikosa."

Justa alirusha kamba ya ng'ombe shimoni, mwisho wake akamtupia ndugu yake usoni. "Vuta, mpumbavu wewe! Si shimo lako?"

Wakavuta. Winnie alikuwa ndiyo kwanza anapandisha goti ukingoni, ukuta ukaporomoka, ukafukia kijiko, vigae vya vyungu na lile tabaka.

Akalia. Justa hakumbembeleza. "Lete simu."

Kwenye kioo aliona nukta nyingine, nyingi, kandokando ya ziwa lote.

"Na huku kote? Mama wa huko wameambiwa wawe macho?"

"Bado hata mmoja, mama."

Shimba, tope bado mikononi, akanyoosha shingo. "Hiyo yenye nyuzi nyingi, ni wapi?"

Justa akaitia simu kifuani, akamfukuza kwa kamba ile ile mpaka barabarani.