Farasi wa Mbao wa Iringa

Mtu mzima kutamani kupanda bembea ni jambo la kuchekwa, na Tusekile alilijua hilo. Ndiyo maana hakumwambia mtu.

Binti zake wawili walikwisha olewa, mmoja Rungwe, mwingine Chimala. Mumewe, Asukile, alikuwa mwaka wa tano kwenye migodi ya kusini, na salamu zake zilikuja kwa midomo ya watu, zimepoa. Jioni, kule vilimani nyuma ya Mbeya mjini, Tusekile alizungumza na chungu cha maharage. "Iva basi, unamringia nani?" Chungu kilitokota tu.

Zamani, kabla ya vita vya Hitila, alikaa Iringa kwa mjomba wake. Yeye na rafiki yake Juliana, Mhehe Mkatoliki, walikwenda kwenye maonyesho ya wakulima, wakapanda bembea ya Mgiriki mmoja, ile ya kuzunguka, yenye farasi wa mbao. Juliana alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Wakaapiana kurudi mwakani. Mwakani Tusekile akaolewa. Mimba, ulezi, jembe; ile mwakani ikawa miaka ishirini.

Siku moja Didas, dereva wa basi la Iringa, akampigia kelele sokoni. "Mama Tusekile! Juliana anakusalimu. Maonyesho ya mwaka huu yana farasi wako! Anasema njoo mpande, watu wazima wawili, mtoto asiwepo hata mmoja. Tena usichelewe, mumewe anahamishiwa Songea."

"Mwambie nakuja," Tusekile akasema, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. "Mwambie aningoje langoni siku ya mwisho. Na wewe, funga mdomo."

"Mimi? Mimi ni kaburi, mama."

Basi akapanga peke yake. Akafua gauni. Akakaanga karanga, akapika ndizi za kufunga safari. Usiku akilala alijiona amekaa juu ya farasi, miguu yote upande mmoja, kwa heshima. Jirani yake Atuganile alimkuta akijaribu viatu uani.

"He! Unakwenda kumzika nani?"

"Naenda hospitali. Mgongo."

"Mgongo unatibiwa kwa viatu? Haya, umewaaga kwa wakwe?"

"Nitawaaga."

Hakuwaaga. Na hapa, akina mama, ndipo alipokosea. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawakai chini ya paa moja, wala jina la mzee halimtoki mkwe mdomoni. Walokole wengine walikwisha legeza, lakini si ukoo wa Asukile. Kwa hiyo mkwe akitaka kusafiri hutuma habari kwanza kwa mama mkwe, ili mzee ajue njia ya kuiacha. Tusekile aliona aibu. Aseme nini? Kwamba mtu anayengoja wajukuu anakwenda kupanda farasi wa mbao? Mficha uchi hazai, lakini nani hukumbuka methali akiwa na furaha yake peke yake?

Asubuhi ile basi lilikuwa limejaa, injini inanguruma. Tusekile akaweka mguu kwenye ngazi. Ndani, kiti cha tatu, akaliona koti jeusi la kanisani na bega moja lililoshuka. Akalijua kabla hajauona uso. Akajitupia khanga kichwani, akarudi nyuma.

"Panda, mama!" Didas akapiga honi.

"Kaona chui huyo?" abiria mmoja akacheka.

"Nyamazeni," mwanamke mmoja akawakemea kutoka nyuma. "Ni mkwewe. Hamjui heshima?"

Mzee akasikia. Akasimama, akaanza kujipenyeza kuelekea mlangoni ili ashuke amwachie mkwe nafasi. Lakini mlango ulikuwa mmoja. Tusekile aliona miguu ya mzee ikija, na miguu yake mwenyewe, iliyofundishwa tangu harusi, ikakimbia. Akajibanza nyuma ya ukuta wa duka la Mhindi, ametazama matofali. Alimsikia mzee akiita, "Aje! Mwambieni aje, mimi nimeshuka!" Hakuna aliyejua alikokimbilia, na yeye hakuweza kumjibu mzee yule. Didas akangoja, akachoka. Mzee akapanda tena. Vumbi likatua.

Basi jingine lilikuwa keshokutwa. Maonyesho yalikuwa yanafungwa kesho.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja na kikapu cha ndizi. "Njiani Didas alimweleza habari ya farasi, na mzee amesikitika. Anauliza kwa nini hukusema. Alikuwa anakwenda kuangalia mbegu za mahindi tu, mwanangu. Angengoja basi jingine bila neno."

"Nilidhani mtanicheka, mama."

"Tungecheka, ndiyo. Kisha tungekupa nauli."

Didas alipopita tena, hakupiga kelele. Alisimamisha basi, akateremka. "Alikungoja langoni mpaka wanafungua farasi na kuwapakia kwenye lori. Nilimwambia lililotokea. Hakuelewa. Kwao desturi hiyo hakuna. Amesema labda hukutaka."

"Mwambie nilitaka."

"Amekwisha hama, mama."

Tusekile akarudi kilimani. Akazikuta karanga za safari, zimelainika. Akazila, moja moja, mlango ukiwa wazi, akisikiliza kama kuna mtu anayepita ambaye angeweza kumwita aingie.