Injini Iliyomtaja Dada

Injini ya gari la Hanabreki, dereva wa mashindano, ilikufa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye kona ya tatu ya barabara ya mlimani. Mkono wa pistoni ulikatika, ukatoboa bloku, mafuta yakamwagika barabarani. Alivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, akanawa, akala, kisha akachukua bisibisi ndefu akaenda kutafuta fundi wa kumfungia injini nyingine. Mashindano ya kupanda mlima yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Bisibisi ilikuwa ya kusikilizia. Mjini pale kila mtu alijua kwamba injini hushika maneno yanayosemwa wakati inafungwa, na ikishazunguka kwa kasi huyarudia mpaka siku ya kufa kwake. Unaweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, unasikia yote. Kwa gari la kwendea sokoni si neno. Lakini injini ya mashindano hupiga kelele, na maneno yake husikika hata bila bisibisi, kwa hiyo mtu mwenye akili huchagua gereji kama anavyochagua jirani.

Gereji ya kwanza, ng'ambo ya daraja, ilikuwa na injini zenye nguvu na mafundi wasiopatana. Hanabreki alisikiliza kwa nusu dakika akaondoa sikio.

"Kwenye gari lenye injini hii siwezi kumpakia mama yangu."

"Matusi hayo ya mwaka jana," fundi wa pale alimjibu. "Siku hizi tumepatana."

Gereji ya pili ilikuwa na sakafu ya vigae, kiyoyozi, na redio isiyozimwa. Injini zao zilisoma taarifa za habari za miaka miwili nyuma na kutangaza magodoro.

"Utazoea," msimamizi alimwambia. "Mimi mwenyewe mwisho nilinunua godoro."

Ya tatu ilikuwa ya Fundi Mkuu. Hivyo ndivyo kibao kilivyosema, kwa rangi nyekundu. Ndani walikuwa wawili, yeye na dada yake mkubwa. Baba yao aliwafundisha wote kwenye meza moja, na alipofariki alimwachia mwanawe wa kiume gereji, dada akaachiwa kazi. Injini za pale zilisifika kwa sababu zilihesabu. Zikipanda kasi, sauti laini ilisikika ikisema moja, mbili, tatu, mpaka kumi, kwa mpangilio wa kukaza nati, halafu: "Taratibu, baba, taratibu." Watu walisema ni sauti ya Fundi Mkuu, ila chuma kimeilainisha. Walisema hivyo mbele ya dada, naye aliwakaribisha viti kwa sauti hiyohiyo.

Fundi Mkuu alikuwa na wivu, na si wivu wa kubana na kuachia. Kijiba cha roho kilimkaa tangu utotoni, tangu siku baba alipoinamia kazi ya dada akaguna kwa kuridhika, kisha akaipita yake bila kuguna. Sasa kila gari lililopita mbele ya nyumba yake lilimhesabia mpaka kumi kwa sauti ya dada, akiwa anakula, akiwa anaoga. Aliwahi kufunga injini tatu peke yake, kimya, huku akimwangalia dada kwa pembe ya jicho. Zote tatu zilitoka zinasonya. Mteja mmoja alirudi akilalamika: "Fundi, kila nikibadilisha gia gari linanisonya. Nimelikosea nini?"

Hanabreki aliweka bisibisi kwenye injini ya mteja mwingine iliyokuwa ikizungushwa, akasikiliza mpaka kumi. "Nataka kama hii," alisema.

"Utaipata," alisema Fundi Mkuu.

Dada alikuwa ameinamia beseni la mafuta ya taa, akisugua pistoni. "Mdogo wangu," alisema bila kuinua kichwa, "fomu ya mashindano ina mstari wa jina la fundi aliyefunga injini. Hii nikiifunga, andika jina langu."

Haikuwa tamaa ya sifa. Chama cha madereva humpa fundi wa gari lililoshinda kazi ya injini za wanachama wote kwa mwaka mzima, na fundi mwenye kazi ya mwaka mzima hahitaji kibao cha mtu. Dada alikwisha kuona chumba kitupu karibu na soko, na alikwisha kupima mlango wake kama injini itapita.

"Tutaangalia," alisema Fundi Mkuu, na sote tunajua maana ya tutaangalia.

Jumatatu alimtuma dada uani akaoshe vyuma, akaifunga injini mwenyewe. Alihesabu kwa sauti, akililegeza koo, na alipofika kumi akasema taratibu, baba, taratibu. Kazi haikuwa na kasoro, hilo tusimnyime. Ilipowashwa mbele ya Hanabreki ilinguruma vizuri, ikapanda, na ilipofika mizunguko elfu sita ikasonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa mtu aliyeona mwenzake kapewa finyango kubwa. Halafu ikauliza: "Kwa nini yeye?"

"Ulisema hivyo?" aliuliza Hanabreki.

"Nilifikiri tu."

"Basi inashika na mawazo." Alifuta bisibisi yake. "Mimi narudi kwenye magodoro."

"Nipe siku nne," alisema Fundi Mkuu, na akamwita dada.

Dada alinawa mpaka viwikoni. "Fomu umeikumbuka?"

"Nimeikumbuka."

Aliifungua injini yote, akaifunga upya. Mdogo wake alimpa spana na kumtazama vidole, jinsi vilivyopanga ringi bila macho kuvisaidia, na roho ilimuuma mpaka akatoka mara mbili kwenda kunywa maji. Kwenye nati ya kumi dada hakusema taratibu. Alitaja jina lake, akataja na la mama yao, akasema, "Nimeifunga mimi, kwa mikono yangu."

Fundi Mkuu alisikia. Angeweza kumwambia afungue tena, lakini fomu zilikuwa zinapokelewa mwisho kesho yake, na yeye bila dada hakuwa na injini isiyosonya.

Asubuhi injini ilihesabu mpaka kumi na kutaja jina la dada vizuri kabisa. Mshonaji wa upande wa pili alisimamisha cherehani, akasikiliza, akaendelea kushona. Hanabreki alitandaza fomu juu ya boneti.

"Jina la fundi?"

"Andika langu," alisema Fundi Mkuu, na chini ya fomu injini ikataja la dada.

Hanabreki alimtazama dada, akakitazama kibao. "Gereji ni yako," alisema, akaandika.

"Uliniambia umeikumbuka," dada alisema.

"Niliikumbuka," alijibu mdogo wake. "Sikusema nimekubali."

Dada akavuta beseni, kwa kuwa kulikuwa na injini nyingine ya Ijumaa.

Siku ya mashindano gari lilipanda likitaja jina la dada kwenye kila kona, na kona zilikuwa ishirini na mbili. Bonde lilipokea na kurudisha. Waliokaa juu ya mawe walilishika jina hilo, wakawa wanalitaja kabla gari halijawafikia. Hanabreki alishinda kwa sekunde nne. Kipaza sauti kikamwita Fundi Mkuu, akapanda jukwaani na shati jipya, akapewa kikombe. Watu walishangilia, na walichokuwa wakikishangilia ni jina la dada yake. Kwa wivu hakukiinua kikombe kupita mabega.

Mwenyekiti wa chama alimwekea mezani mkataba wa injini zote za mwaka, akamkabidhi kalamu.

"Hongera sana, fundi," alisema. "Jina la dada yako limesikika mpaka kileleni."

"Ahsante," alisema Fundi Mkuu, akatia saini yake.