Timu Iliyopitia Ukutani

1. Vitu ambavyo Elieza Semkiwa, golikipa na kepteni wa Kamba Stars, hakuwa navyo

Urefu.
Glovu. (Alidaka kwa mikono mitupu; kazi ya mkonge ilikwisha kuikomaza.)
Meno mawili ya mbele, tangu mechi ya Same.
Sauti ya kuimba, ingawa kanisani anaimba.
Hofu ya mshambuliaji yeyote aliyezaliwa na mwanamke.
Jibu, kila alipoulizwa sokoni: siku ile mlikimbilia wapi?


2. Tangazo lililobandikwa nje ya ofisi ya chama cha mpira

WADAU WOTE WANATANGAZIWA kwamba chama kinaandaa kitabu cha historia ya timu zilizopata kucheza ligi na ambazo sasa hazipo. Rasimu inapatikana ofisini. Mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi, kwa njia ya posta, yakiwa na saini ya aliyekuwa nahodha wa timu husika. Marekebisho ya mdomo hayatapokelewa.


3. Kutoka kwenye rasimu: habari za timu yetu, zote

KAMBA STARS (Kwashemba). Timu ya kiwanda cha kamba. Ilishushwa daraja kwa kutofika uwanjani katika mchezo wa mwisho. Ilivunjwa.


4. Mimi

Naitwa Mhina Sempombe, beki wa kushoto. Rasimu hiyo niliisoma nimesimama, kisha nikaomba kiti.

Kutofika.

Msomaji, mimi kusoma nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni, kwenye kantini ya kiwanda iliyokuwa bado inanuka maharage ya mchana. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na ndevu halipiti neno mbio mbio. Hulizunguka, akaligonga kama mnunuzi wa chungu. Nililigonga hili. Lina ufa. Asiyefika ni yule aliyebaki kwao amelala. Sisi tulifika. Tulifika hata kabla ya wenyeji.

Ila...


5. Maelezo kwa waliozaliwa juzi

Zamani hizo kila timu ilikuwa na Kamati ya Ufundi. Kamati hii haikuhusika na ufundi wowote wa mpira. Kazi yake ilikuwa kuchunguza wenyeji wamefukia nini kwenye mlango wa uwanja, na kila mara ilirudi na jibu lile lile: wamefukia kitu. Kwa hiyo mgeni mwenye akili hakupita mlangoni. Alipitia ukutani.

Kocha wetu alikuwa na cheti cha ukocha.

Naye alipanda.


6. Ukuta wa uwanja unasema

Nilijengwa kwa tofali za saruji, na juu nikapandwa vipande vya chupa kuwazuia wasio na tiketi. Wachezaji sikuambiwa niwafanyeje. Siku ile walitandika magunia juu yangu, wakavuka mmoja mmoja, jezi za kijani, viatu vikining'inia shingoni. Wa mwisho alikuwa golikipa, yule mfupi. Walimvuta mikono. Chupa yangu moja ikamshika bukta, na wao wakazidi kuvuta.

Bukta haikuvumilia.


7. Sauti za uwanjani, siku hiyo hiyo

Kamisaa wa mchezo, ameketi nyuma ya meza kwenye mlango mkuu: "Njooni mjiandikishe!"

Kepteni Semkiwa, kutoka kona ya mbali: "Lete meza huku!"

"Kanuni inasema mlangoni!"

"Kanuni haijui kilichofukiwa hapo!"

Shabiki: "Si wamtume mtu mmoja na leseni zote?"

Mjumbe wa Kamati ya Ufundi: "Atakayekanyaga pale atavunjika mguu. Utambeba wewe?"

Shabiki mwingine: "Wana Kamba! Mmekuja kucheza au kuchuma mchicha?"

"Kepteni wao tumbo linamsokota. Ona alivyojishika nyuma."

"Si tumbo, ndugu yangu. Ni bukta."


8. Mimi tena

Kamisaa hakuinuka. Sisi hatukusogea. Tulipasha misuli moto mpaka ikachoka. Refa akatazama saa, akapuliza filimbi, akawapa wenyeji ushindi. Kamisaa akaandika kile alichokiona kutoka kitini pake: timu ya wageni haikufika.

Tukashuka daraja. Meneja akasema kiwanda hakiwezi kulisha timu inayokwenda safari na kurudi bila kutoka jasho. Tulikuwa tumetoka jasho, lakini hakuna aliyetaka kusikia jasho la kupasha misuli. Tukarudishwa kwenye mashine. Kisha zikaja kamba za nailoni, na mashine nazo...


9. Nyumbani kwa Semkiwa, Jumapili baada ya ibada

Siku hizi kepteni ni mzee wa kanisa. Nilimsomea rasimu yangu ya barua, naye akanisikiliza amefumba macho, kama anayesubiri penalti.

"Andika gari liliharibika njiani."

"Kepteni, gari lilikuwa zima."

"Basi andika niliumwa."

"Sote kumi na mmoja?"

"Bwana Mhina, juzi tu nimesimama mbele ya vijana wa kipaimara, nikawaambia hirizi ni upuuzi mtupu. Leo kitabu kitoke kiseme Semkiwa aliogopa mlango?"

"Kisiposema uliogopa mlango, kitasema uliogopa mechi."

Akafumbua macho.

Mkewe, Mama Damari, alikuwa pembeni anapepeta mchele. Ndiye aliyekuwa akitufulia jezi.

"Shemeji, mkumbushe mwenzio. Bukta ile niliishona kwa mkono wangu."

"Mama Damari, hayo yamepita."

"Hayajapita, maana bado hulali vizuri. Baba Damari, Mungu alikuona juu ya ukuta ule, mchana kweupe, makalio nje. Akakusamehe zamani. Sasa unamficha nani? Mchungaji?"

Kepteni akakunja uso. Bega moja likatikisika. Likafuata la pili. Akacheka mpaka akavua miwani, na mimi nikacheka kwa kumwona yeye, na Mama Damari akaweka ungo chini kwa sababu mchele ulikuwa unamwagika.

"Na ulinishonea uzi mweupe," alisema alipopata pumzi. "Bukta ya kijani!"

"Ulileta mwingine nikaukataa?"

Akaomba kalamu.


10. Barua

YAH: KUREKEBISHA HISTORIA YA KAMBA STARS

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Timu yetu ilifika uwanjani. Haikupita mlangoni kwa kuwa tuliamini pamefukiwa kitu. Hatukuchimba kuona. Tulipitia ukutani, tukasimama kwenye kona tukiwa tumevaa jezi, tayari kucheza, na watu wengi walituona na kututukana kwa majina. Tunaomba neno "kutofika" liondolewe, na mahali pake uandikwe ukweli huu, hata kama utachekesha.

Kama nafasi ipo, ongezeni kuwa tulikuwa timu nzuri.

(Sentensi hii ya mwisho ni ya kepteni. Nilimwambia haimo katika utaratibu wa barua za kiofisi. Akasema: "Iache.")


11. Kufunga

"Watacheka," alisema akitia saini.

"Wacheke."

"Na wakikataa kubadilisha?"

Alikuwa anaitazama saini yake kwa mbali, kisha kwa karibu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani akamkuta hajazeeka sana.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Mama Damari akasaga punje za wali kwa kidole, akapaka, akaikandamiza chini ya Biblia ya mumewe wakati tunakunywa chai.

Jumatatu asubuhi tulikwenda posta wawili. Kepteni alivaa koti.

"Ya kawaida au rejista?" karani aliuliza.

"Rejista," akasema kepteni. "Tunataka mtu atie saini kwamba ameipokea."

Karani akagonga muhuri. Kepteni akainama juu ya kaunta, akaukagua.

"Mwanangu, haujakolea. Gonga tena."

Karani akamtazama, akatabasamu, akagonga tena, kwa nguvu, kisha akaitupa bahasha kwenye mfuko wa barua ziendazo.